Filamu Aliyoiita Tupu

Usigeuze ukurasa haraka. Wewe ni hodari wa kugeuza. Ulimwona binti wa shangazi yako akichaniwa barua ya kuitwa chuo ili abaki kuwapikia wazee, ukasema hayo ni mambo ya nyumba za watu. Ulimwona yule kijana wa mtaa wenu aliyejua kufufua redio zilizokufa, mkewe akamfichia vifaa mpaka akazoea kukaa bure, ukasema wanapendana. Ulikuwepo. Ulikuwa umeshika kikombe cha chai, ukatazama dirishani. Basi leo utaketi hapa umtazame Lornah Oketch, na hutamkwepa.

Jumamosi hiyo ya Machi 1989, saa nane za mchana, Lornah alikuwa amejifungia katika chumba cha giza cha studio ya Bwana Tom mjini Kisumu. Bwana Tom mwenyewe alikuwa ameenda Sondu kupiga picha za harusi. Mkononi Lornah alishika bahasha aliyoiandika kwa mkono wake: Nabwire, pasipoti. Ilikuwa imekaa miezi minne katika droo ya picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hakukuwa na Nabwire yeyote. Ndani mlikuwa na kipande cha filamu chenye fremu tatu, na fremu hizo zilikuwa mali ya mwanamume ambaye kesho yake, baada ya ibada, angeleta watu wake nyumbani kwao kumposa.

Mwanamume huyo ni Ezra Waliaula, Mbukusu mrefu mwenye mabega ya mtu aliyelima utotoni, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili upande wa Kombewa. Miaka mitatu nyuma aliingia studio na filamu moja na aibu nyingi. Bwana Tom aliisafisha, akaiinua kwenye mwanga, akacheka mpaka wateja wakageuka: mwalimu amepiga picha ya blanketi. Wote wakacheka. Lornah, msichana wa chumba cha giza, aliichukua, akaiweka juu ya kioo chenye taa, akaikazia macho, kisha akasema polepole kwamba hayo madoa si vumbi, vumbi halina mpangilio. Waliaula alimtazama kama mtu aliyekuwa akiongea peke yake nchi ya ugenini, ghafla akajibiwa kwa lugha ya mama yake.

Penzi lao lilianzia hapo, juu ya kile ambacho wengine hawakukiona. Liweke hilo moyoni, maana ndilo linalofanya kosa la Lornah liwe zito.

Alichokuwa akikitafuta Waliaula ni galaksi moja katika kundi la nyota la Samaki. Ni mji wa mabilioni ya nyota, uko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla dunia haijawa na mtu, nao hufika hapa ukiwa umechoka. Jicho halioni kitu. Filamu tu, ikivumilia saa nzima, ndiyo hukusanya mwanga huo chembe kwa chembe mpaka mikono miwili ya galaksi itokee, imejizungusha kama uji unapokorogwa. Darubini aliitengeneza mwenyewe. Kioo chake alikisugua miezi kumi na moja, na kabla ya kusuguliwa kilikuwa kioo kinene cha dirisha la meli iliyovunjwa bandarini. Mwaka uliofuata ulipotea wote kwa kuwa alifuata michoro ya vitabu vya Ulaya, ambamo mhimili wa darubini husimama mshazari. Siku moja akagundua kwamba hapa Kisumu, tulivyoegemea ikweta, mhimili sharti ulazwe kabisa, kama mtu aliyejinyoosha chini akielekeza kichwa kaskazini. Alimchorea Lornah hilo kwa penseli juu ya karatasi ya chapati, wakacheka mpaka machozi.

Tatizo lilikuwa Mzee Zadock Oketch, baba yake Lornah, mwenye mitumbwi miwili ya kuvulia omena, dagaa wa ziwani, pale Dunga. Usiku usio na mwezi ndio usiku wa omena. Ziwa lote huwaka karabai za kuwavutia samaki hao. Na usiku huohuo ndio aliouhitaji Waliaula.

"Huyo mwalimu wako anagombania giza na mimi," Zadock alikuwa akisema mezani. "Mungu aliumba giza kwa ajili ya omena, si kwa ajili ya Mbukusu."

Alisema kwa utani, lakini chini ya utani kulikuwa na jiwe. Hakutaka binti yake aolewe mbali, tena hakumtaka mkwe ambaye kichwa chake hakikai duniani.

Novemba walipanda kwenye miamba ya Seme, upande usioona karabai za ziwani. Waya Agneta, yaani shangazi, dada yake Zadock, alitumwa awachunge. Alikalia gunia, akalalamikia mbu, akauliza kila baada ya dakika kumi kama hiyo nyota imeshapigwa, kisha akalala. Jua likiwa bado lipo, Waliaula alikuwa ametumia fremu ya kwanza kumpiga Lornah juu ya jiwe, ili mkata filamu ajue fremu zinaanzia wapi, maana giza halina ukingo. Baada ya hapo zikafuata saa tatu, fremu moja kwa kila saa. Jicho lake halikutoka kwenye nyuzi mbili za utando wa buibui alizozipachika ndani ya darubini ndogo ya kuongozea, huku kidole kikizungusha parafujo taratibu ili nyota ya jirani isitoke kwenye makutano ya nyuzi. Lornah alishika tochi waliyoipaka rangi nyekundu ya kucha zake, akihesabu dakika kwa kunong'ona. Hawakuruhusiwa kugusana. Mtikisiko mdogo tu ungeharibu kila kitu. Walikaa saa tatu, bega karibu na bega, kila mmoja akisikia joto la mwenzake, na hapajawahi kuwa na kumbatio lililowaleta karibu zaidi ya hapo.

Filamu ile haikuwa ya kujifurahisha. Daktari Metrine, mhadhiri wa Nairobi aliyewahi kuiona darubini hiyo kwenye maonyesho ya shule, alimwahidi Waliaula hivi: niletee picha moja inayoonyesha mikono ya galaksi kabla ya Krismasi, nami nitakuandikia upate nafasi ya kusoma nje miaka miwili.

Lornah aliiosha filamu Jumanne. Alipoiinua ikiwa bado inadondosha maji, akaiona. Fremu ya mwisho. Doa dogo jeusi kama punje ya wimbi, na pembeni yake, kama moshi, mikono miwili. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Halafu akamkumbuka Seline.

Seline ni dada yake mkubwa. Mumewe alipanda ndege kwenda kusoma miaka miwili, na huo ulikuwa mwaka wa saba. Mwanzo zilikuja barua, kisha kadi, kisha kimya. Seline alikuwa bado anayapiga pasi mashati yake kila Jumamosi.

Waliaula alipokuja Ijumaa, Lornah alimkabidhi picha ya fremu ya kwanza, ile yake juu ya jiwe, akasema, "Zingine zimetoka tupu, pole." Maneno manne. Naye akamwamini papo hapo, hata hakuomba kuitazama filamu. Aombe ya nini? Huyu ndiye aliyekuwa macho yake.

Usikimbilie kumwita shetani ili wewe ubaki malaika. Alifanya kwa mapenzi. Hivyo ndivyo tunavyoibiana sisi. Mwizi wa kuku anapigwa mawe sokoni, mwizi wa namna hii anapikiwa pilau.

Mambo yakamnyookea Lornah. Waliaula alibeba darubini akaiweka stoo ya shule, kati ya majembe. Alikubali kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Akaanza kukaa na Zadock jioni, kuongea habari za nyavu na bei ya mbao, na mwezi wa pili mzee akatamka mwenyewe kwamba mwalimu amekomaa, alete watu wake. Nyumba nzima ikashangilia. Lornah alikonda. Kila alipoulizwa alisema ni kazi, dawa za studio zinamtoa hamu ya kula.

Hata hilo angelimeza. Kilichomshinda kilikuja Alhamisi, wakitembea kando ya ziwa, Waliaula alipomshika mkono akasema kwa upole, "Unajua, nimeanza kumshukuru Mungu kwa ile filamu. Ingetoka na kitu, saa hii ningekuwa mbali, na wewe ungeshaolewa na mtu wa samaki." Akacheka. Lornah naye akacheka.

Sasa, Jumamosi, alimsikia akigonga mlango wa chumba cha giza. Alikuwa amemtumia ujumbe aje. Waliaula aliingia akiwa amevaa shati jipya la kesho, eti analizoesha mwili, akauliza kama mjomba wake Walubengo akija na kofia yake ya manyoya baba mkwe atakimbia. Lornah alimwomba asimame karibu na beseni, asiseme kitu.

Filamu ilikuwa tayari ndani ya mashine ya kukuzia. Aliwasha taa yake, akahesabu ishirini, akazima, akaitelezesha karatasi kwenye dawa. Chini ya taa nyekundu walitazama wote wawili. Karatasi ikawa kijivu, kisha nyeusi, na ndani ya weusi zikabaki nukta nyeupe, moja, tatu, nyingi. Katikati, mahali palipoonekana kama karatasi imegoma kuiva, likajitokeza wingu. Likawa na kiini. Likawa na mkono, ukazunguka. Ukatoka mkono wa pili.

Waliaula aliinama mpaka pumzi yake ikatikisa dawa. Uso wake ulikuwa wa mtoto.

"Ni ya nani?" aliuliza. "Nani ameweza?"

Ndilo lililokuwa swali lake. Haikumjia kabisa kwamba inaweza kuwa yake.

"Yako," Lornah akasema. "Ya Novemba. Ile saa ya mwisho, Waya Agneta akikoroma."

Mikono ya Lornah, iliyozoea kazi, iliitoa picha kwenye dawa ikaizamisha kwenye beseni la pili. Waliaula hakusogea.

"Ulisema ni tupu."

"Nilisema."

"Labda hukuiona wakati ule. Imejificha sana, Lornah, hata mtu mzoefu angepitwa. Labda juzi ndio umeipata, ukipangua droo."

Hebu ona huyo mtu. Ameibiwa, na bado anamtafutia mwizi mlango wa kutokea. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lornah angesema ndiyo, wangekumbatiana, wangelia kidogo, na kesho kuku wangeliwa. Alilitazama lile shati jipya. Akaufunga mlango mwenyewe.

"Niliiona siku ileile. Filamu ilikuwa bado haijakauka."

Waliaula alinyoosha mkono aichukue picha aondoke. Lornah akamzuia kwa sauti tu: isipooshwa saa nzima kwenye maji yanayobadilishwa, mwaka hautaisha kabla haijawa manjano na kufutika. Akafungua mfereji. Ukakohoa, ukatoa maji ya kutu yasiyojaza kijiko, ukanyamaza. Mji umekaa mdomoni mwa ziwa, na mifereji yake imekauka. Lakini hilo tuliache leo. Lornah aliburuta pipa, akachota kwa ndoo, akamwaga, akachota. Waliaula akakaa kwenye kiti cha wateja wa pasipoti. Hata hasira yake ilibidi ingojee maji.

Kwenye ndoo ya tatu Waliaula akauliza kwa nini. Lornah akamweleza habari za Seline, za mashati, za jinsi dada yake anavyosimama barazani akisikia gari lolote linapunguza mwendo. Alieleza bila kujitetea, macho kwenye beseni.

"Kwa hiyo ulinifunga kwa kosa la shemeji yako," Waliaula akasema.

"Ndiyo."

"Si ungeniuliza kama ningerudi?"

"Ungesema utarudi. Hata yule alisema."

"Basi ungekataa kuniamini. Hilo ningelielewa, tungegombana yaishe. Mimi nilikuamini wewe mpaka nikaacha kuamini macho yangu mwenyewe. Unajua nilifanya nini wiki ile? Niliingia darasani nikawaambia wanafunzi kwamba nilikosea. Kwamba mtu asiye na vifaa asijisumbue na mambo ya wenye vifaa. Watoto arobaini, Lornah. Waliandika kwenye daftari zao."

Ndoo ilimtoka Lornah mkononi. Miezi minne alikuwa amejiambia kwamba deni hilo la moyo ni lake na la mtu mmoja tu. Hakuwa amewahi kuwafikiria watoto arobaini wanaonakili uongo wake kwa wino. Alijishika kwenye ukingo wa meza, akaanza kulia bila sauti, na Waliaula akamwona, na mkono wake ukainuka kwa mazoea kwenda begani kwake, ukasimama hewani, ukarudi.

Badala yake alitoa mfukoni ile picha ya fremu ya kwanza, Lornah akitabasamu juu ya jiwe. Ilikuwa imechakaa pembe kwa kubebwa.

"Hii na hiyo ni filamu moja," akasema. "Miezi minne natembea na kipande chake."

Kisha akainuka, akaokota ndoo, akachota, akamwaga maji mapya mwenyewe. Hakumtazama. Walipokezana hivyo mpaka saa ikatimia, mmoja akichota mwingine akimwaga, na vidole vyao havikukutana hata mara moja.

Picha ilipokauka aliigeuza, akamsogezea Lornah penseli.

"Andika nyuma. Ilipigwa lini, na kwa nini imechelewa. Daktari Metrine ataniuliza, na mimi sitaki kumdanganya mtu."

Lornah alielewa alichokuwa anaombwa. Neno hilo likiandikwa, litasomwa. Bwana Tom atajua kwamba mfanyakazi wake alificha filamu ya mteja, na hakuna studio itakayomchukua tena. Baba yake atajua. Kanisa litajua. Penseli ilikuwa nyepesi na mkono ulikuwa mzito. Akaandika: Ilipigwa na Ezra Waliaula, Novemba 1988. Ilitoka vizuri. Ilifichwa na Lornah Oketch kwa makusudi.

Waliaula aliyasoma maneno hayo mara mbili, akaiweka picha kati ya vipande viwili vya kadibodi pamoja na filamu yake.

"Na kesho?" Lornah akauliza.

"Kesho siji. Napiga simu kwetu Bungoma sasa hivi, mjomba asitoke. Usiku napanda basi, Jumatatu niwe mlangoni kwa Daktari. Pengine nafasi imeshaisha, pengine atanifukuza."

"Na mimi?"

Alishika kitasa cha mlango, akakaa nacho.

"Nakupenda," akasema. "Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimeshafika stendi. Lakini siwezi kuingia kwenu kama mkwe. Baba yako anamtaka yule mtu uliyemtengeneza wewe. Mimi hanijui. Mwambie. Wewe, si mimi, wala si Waya Agneta. Nikirudi nikute anajua, halafu tutaona kama kuna kitu kimebaki."

Akatoka. Lornah alisikia viatu vyake vikipita mbele ya studio bila kuharakisha, kisha havikusikika tena.

Alifika Dunga jua likiwa bado juu ya ziwa. Uani kulikuwa na furaha ya kesho. Waya Agneta alikuwa akiwanyonyoa kuku, akimwambia mama yake Lornah kwamba Wabukusu wasipopewa kuku wa kutosha huhesabu ni vita. Seline alikuwa akisugua sufuria kubwa za kuazima, akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Zadock alikuja kumlaki binti yake langoni, ameshika tai aliyoshindwa kuifunga.

"Nyathina," akamwita, mtoto wangu, "hebu nifungie hii nione. Mkwe asinikute kama mvuvi."

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wa kuaminika: mwalimu ana malaria, tuahirishe wiki mbili. Wiki mbili zingezaa nyingine mbili. Hakuna ambaye angeuliza. Lornah aliitazama tai, akamtazama Seline akiimba, akahisi maneno manne ya Novemba yakimkaa kifuani kama mfupa.

"Kesho hakuna mgeni, Baba," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Mimi ndiye sababu. Kuna kitu cha mwalimu nilikiiba, nikakificha, na kwa kukificha ndio mkampenda."

Waya Agneta aliacha kunyonyoa. Wimbo wa Seline ulikatika. Zadock alimwambia waingie ndani kwanza, majirani wanasikia.

"Wasikie," Lornah akasema. Na akaanza tangu mwanzo, pale pale langoni, bila kungoja mtu akae.

Sasa wewe. Unaye mtu wako. Kuna barua uliyoikalia, jina ulilolifuta kwenye orodha, habari uliyomwambia haikufika na ilifika. Unamjua, unajua anapoishi, na umeshaanza kutafuta siku iliyo nzuri zaidi ya leo. Hakuna. Weka kitabu chini, hata kama hujui Waliaula atarudi au la, hilo halikuhusu. Inuka, vaa viatu, nenda kwake sasa hivi kabla hujapanga maneno. Mpe kilicho chake mkononi, umwambie ni wewe.